Siti binti Saad na Sahani Zilizopanda Bara

Mji wa Tororo umekaa chini ya jabali lake, na mji wa Busia umekatwa mapande mawili na mpaka wa dola mbili. Na mtu atakaye kuandika tarikhi ya miji hii aghalabu huanza na reli, au na pamba, au na magendo, wala hamkumbuki mwanamke mmoja wa Unguja ambaye maskani yake yalikuwa mbali nasi mwendo wa siku kadhaa kwa meli na gari la moshi. Mimi nimeona inafaa kuanza naye. Lugha ya Kiswahili iliwafikia watu wa mpakani kwa mlango wa amri: askari aliitumia kufokea, karani aliitumia kudai kodi, na stesheni masta aliitumia kuwafukuza watu relini, na hata sokoni, ambako ilikuwa na upole zaidi, haikuvuka sana hesabu ya bei na vipimo. Kiswahili kinacholia, kinachotongoza, kinachokejeli na kinachomshitaki hakimu mbele ya umma kilikuja baadaye kidogo, kimefungwa katika masanduku ya sahani za santuri, na katika sauti zote zilizokuwamo masandukuni iliyotangulia kwa daraja na kwa sifa ilikuwa sauti ya Siti binti Saad.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari mpya, ulioshuka kutoka Mlima Elgon kwa njia ya Mto Malaba na Mto Sio hadi ziwani, ukawaacha Waiteso huku na huko, na Wasamia huku na huko, ndugu kwa ndugu wakalipa kodi kwa serikali mbili. Kisha ikaja reli. Ilitoka Nakuru ikapanda Eldoret, ikashuka Tororo, na mwaka 1928 ikawa imekwisha kuungana na reli ya Busoga huko Mbulamuti. Mwaka uliofuata tawi la Tororo likafika Soroti, na mwaka 1931 njia kuu ikaingia Kampala. Pamba ya Bukedi na ya Teso ilishuka pwani kwa njia hiyo, na behewa lililoshusha pamba halikurudi tupu: lilipandisha chumvi, majembe, baiskeli, kanga, mafuta ya taa, na anasa zile ndogo ambazo mkulima aliyekwisha kuuza pamba yake huzitazama mara mbili kabla ya kuamua.

Wakati huohuo wakubwa walikuwa wakishindana juu ya lugha. Gavana William Gowers alitoa waraka mwaka 1927 akipendekeza Kiswahili kishike nafasi kubwa katika shule na shughuli za serikali ya Uganda; Kabaka Daudi Chwa akaupinga kwa waraka wake wa mwaka 1929, na maaskofu nao wakapinga kwa hoja zao. Katika mwezi wa Juni 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakakata shauri kwamba Kiswahili cha vitabu kifuate lahaja ya Kiunguja. Mabishano haya yamejaza makabati ya nyaraka, nami siyadharau. Lakini miezi mitatu kabla ya wajumbe kukaa kitako Mombasa, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kupanda meli kwenda Bombay kwa shughuli nyingine, kikiongozwa na mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika.

Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880, siku ambazo utumwa ulikuwa bado halali visiwani, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Nasaba ya babake ilikwenda Unyamwezi na ya mamake Uzigua. Kwa hiyo yule ambaye sisi wa bara tumezoea kumhesabu kuwa pwani tupu alikuwa, kwa damu yake, mtu wa bara kama sisi. Kazi aliyofunzwa na mamake ilikuwa ufinyanzi. Alichimba udongo, akakanda, akafinyanga vyungu, akavichoma, akajitwika akaenda mjini kwa miguu kuvinadi, na wasimulizi wa habari zake wamekubaliana kwamba sauti yake ya kunadi ilitangulia mbele yake, hata wanunuzi wakajua kabla hajatokea kwamba muuza vyungu wa Fumba amekuja. Ustadi wa uimbaji una shule nyingi, na ile ya kuita mteja juani, huku shingo imebeba mzigo na pumzi haina budi kugawanywa kwa kipimo, naiona haipungui kwa walimu wakali wa sauti wa Ulaya.

Karibu na mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, mtaa wa watu waliotoka utumwani na wa wageni wasio na majumba ya mawe. Huko ndiko Muhsin Ali alikomfunza nyimbo na kumjulisha kwa mafundi wengine, na hatimaye likakusanyika kundi ambalo majina yake yanastahili kutajwa: Subeti bin Ambari, Buda Suwedi, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku wa Mombasa, aliyekuwa kipofu na bingwa wa udi. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, ambalo ni jina la taadhima.

Ni vema msomaji ajue ni kitu gani alichokirithi na ni kitu gani alichokibadili. Taarabu ya Unguja ilianza kuwa anasa ya jumba la kifalme. Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alivutwa na muziki wa Misri akampeleka Muhammad bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Na Cairo ya siku hizo ilikuwa imejengewa na Khedive Ismail jumba la opera mwaka 1869, ambamo usiku wa tarehe 24 Desemba 1871 ulichezwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Aida wa Giuseppe Verdi, habari ya binti mfalme aliyetekwa na kufanywa mjakazi. Opera, kwa asiyeifahamu, ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, na mwimbaji wake mkuu hulazimika kuwa na sauti ya kuishinda okestra nzima na moyo wa kujitia katika nafsi ya mwingine, awe malkia, awe mjakazi, awe mwuaji. Hapana jumba la namna hiyo lililopata kujengwa Unguja, seuze Tororo. Taarabu ya jumbani iliimbwa kwa Kiarabu, wasikilizaji wamekaa kwa adabu, na wengi wa raia walioisikia kwa mbali hawakufahamu inasema nini.

Siti aliichukua sanaa hiyo akaitia Kiswahili cha Ng'ambo. Hakuwa wa kwanza kuimba kwa Kiswahili duniani, maana ngoma zote za pwani zilikuwa na nyimbo zake. Lakini kuuchukua udi na fidla na rika, vyombo vya masultani, akavifanya vibebe kesi za mahakamani, fitina za majirani, wanaume wasiotimiza ahadi na wanawake waliochoka kungoja, hilo lilikuwa jambo jipya. Nyumbani kwake watu walikusanyika usiku, nyimbo zikatungwa, zikapimwa, zikakataliwa, zikatengenezwa. Kisha zikatoka mitaani.

Mfano ulio bora ni wimbo wa Kijiti, ambao kisa chake kilikuwa cha kweli. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akachukuliwa matembezini, akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Mwuaji akavuka bahari akaponyoka, na waliofika mbele ya hakimu kutoa ushahidi wakaishia wao kutiwa gerezani, kwa kuwa ilibainika kwamba katika matembezi yale palikuwa na ulevi. Tazama namna kisa hiki kilivyo na vyote ambavyo mtungaji wa opera huko Italia angevitamani: mgeni asiye na ndugu, hila, damu, mtoro, hakimu asiyeona, na wasio na hatia ya mauaji wakibeba mzigo wake. Tofauti ni kwamba Italia wangehitaji waimbaji sita, kwaya, mapazia na mishumaa. Siti, aliyekaa amejifunika buibui, alikuwa mwenyewe mgeni, mwenyewe shahidi, mwenyewe umma unaonung'unika nje ya mahakama. Alizibadili nafsi hizi kwa kugeuza sauti tu, na aliyesikiliza alijua ni nani anayesema sasa. Kwa haki namhesabu katika waimbaji wa tamthilia, ijapokuwa hakupata kusimama jukwaani kwa namna ya Ulaya. Na kesi ambayo serikali iliifunga kitabuni ikabaki wazi midomoni mwa watu kwa miaka mingi.

Sauti hii ingaliweza kubaki Unguja na kufa na waliosikia. Kilichoitoa ni biashara. Kampuni ya Gramophone ya London ilikuwa imejifunza mapema kwamba mashine haiuziki pasipo sauti zinazopendwa na wenyeji: mwaka 1902, mwezi wa Aprili, fundi wake Fred Gaisberg alimrekodi Enrico Caruso katika chumba cha hoteli mjini Milan, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo akawa Calcutta akimrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji mashuhuri wa India. Tangu hapo mawakala wake walitafuta sauti kila bandari. Mwaka 1908 kampuni ikafungua kiwanda cha sahani mjini Calcutta, na sahani zenye picha ya mbwa aliyeinamia pembe ya santuri zikaenea katika bahari yote ya Hindi. Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri Bombay, wakaimba mbele ya chombo cha kunasia sauti, na mwaka uliofuata wakaenda tena.

Kuimba kwa santuri kulikuwa na dhiki yake. Wimbo ambao Ng'ambo ungekwenda nusu saa, beti zikirudiwa kadiri ya hamu ya waliokaa, sasa ulitakiwa uishe kwa dakika tatu hivi, kwa kuwa upande mmoja wa sahani haukuchukua zaidi. Yakabaki yaliyo mafuta ya shairi, na mapambo yakaachwa. Wako wanaosema santuri iliiharibu taarabu. Mimi naona katika jambo hili ilimfaa Siti, maana ufupi humlazimisha mwimbaji kuingia katika kisa mara moja, bila ya kuzunguka. Kufikia mwaka 1931, kwa hesabu iliyohifadhiwa vitabuni, sahani zipatazo 72,000 za Siti na wenzake zilikuwa zimeuzwa, na soko lake halikuishia visiwani wala mwambao, bali lilipanda bara kwa njia za biashara, Kenya na Uganda na hata Kongo.

Hapa ndipo reli ya Tororo inaporudi katika hadithi yetu. Bidhaa za anasa zilifika miji ya reli kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wenyewe walikuwa wapenzi wa santuri kwa ajili ya nyimbo za kwao, na duka lililouza sindano na springi za santuri halikuwa na sababu ya kukataa kuuza sahani za Kiswahili. Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cha mbao chenye mkono wa kutilia ufunguo ubavuni. Mwenye nayo alikaza springi, si kwa nguvu nyingi maana ikikatika hapana fundi wa karibu. Akatoa sahani katika karatasi yake, akaifuta vumbi kwa kitambaa. Akatia sindano mpya ya chuma, kwa sababu sindano ya chuma ilikuwa ya kupigia upande mmoja tu, na bahili aliyeitumia mara kumi aliila sahani yake mwenyewe. Akaachia kizuizi, sahani ikazunguka mara 78 kwa dakika, na baada ya mkwaruzo wa kitambo kidogo vyombo vikaanza. Springi ikilegea wimbo ukizama, sauti ya mwanamke ilishuka ikawa ya mzee, watoto wakacheka, na mtu akakimbilia kuikaza tena. Sahani hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, nazo zikianguka zilivunjika kama chungu.

Waliosikiliza hawakuwa watu wasio na uimbaji wao. Waiteso wana akogo, kinanda cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na adeudeu, kinubi cha upinde. Majirani zao Jopadhola nao wana vinanda vyao vya nyuzi. Na pale pombe ya ulezi inapowekwa katikati, wazee wakauzunguka mtungi na kunyonya kwa mirija mirefu, mwimbaji amekuwa na ruhusa ya kusema yale ambayo mtu mwingine akiyasema huleta ugomvi. Humtaja bahili, humtaja aliyemkimbia mkwewe, humsifu aliyekufa kwa maneno yenye ncha mbili. Klaus Wachsmann, aliyeshika Jumba la Makumbusho la Uganda toka mwaka 1948, alizunguka nchi hiyo akinasa sauti za namna hii, na kazi yake imebaki hazina. Nakumbusha haya kwa sababu wako wadhanio kwamba santuri ilikuta kimya. Haikukuta kimya, ilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea kutafuta jina la mtu lililofichwa ndani ya fumbo, na kwa hiyo msikilizaji wa mpakani, hata kama nusu ya msamiati wa Unguja ilimpita, alitambua upesi kwamba huyu mwanamke anamsema mtu. Mambo mengine aliuliza. Kuuliza huko ndiko kulikomfunza Kiswahili ambacho shule haikumpa, maana shuleni hapakuwa na neno la wivu.

Kuna jambo jingine katika maisha ya Siti ambalo mtu wa huku hahitaji kufafanuliwa. Alipoanza kushika jina, walitokea mahasidi wakamtungia wimbo wa stihizai, wakimkumbusha kwamba alifika mjini amevaa kaniki, nguo ya watumwa na maskini, na kwamba hana uzuri wala nasaba ya kumfanya ajione. Naye hakwenda mahakamani wala hakutukana. Alijibu kwa wimbo, hoja yake ikiwa kwamba sura si kitu cha kujivunia mbele ya akili na kipaji. Na jibu limeishi kuliko tusi, ambalo leo hukumbukwa kwa sababu lilijibiwa tu. Sasa fikiri wimbo kama huo unapoimbwa Bukedi, kwa watu ambao majirani zao wa magharibi waliwapachika jina la dharau kwa sababu ya mavazi yao, jina ambalo serikali ililiokota ikaliandika rasmi katika ramani kuwa jina la wilaya. Mwuza vyungu aliyechekwa kwa kaniki yake alikuwa anawasemea wengi asiowajua.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa alimsimulia Shaaban Robert habari za maisha yake, na kutokana na mazungumzo hayo ukatoka wasifu uliochapishwa mwaka 1958, maandishi mafupi yaliyomtendea mwanamke wa kawaida heshima ambayo zamani waandishi waliwawekea masultani na mashehe. Siku hizo santuri nayo ilikuwa inaelekea machweo yake. Redio zilianza, kwanza moja kwa mtaa, kisha moja kwa nyumba, zikaleta rumba ya Kongo na magitaa ya Nairobi. Sahani laini zikachukua nafasi ya zile za kuvunjika. Na mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wametoka Uganda, maduka ya Tororo yaliyokuwa yakiuza sindano na springi yalifungwa pamoja na mengine yote.

Mwaka uliofuata Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Sidhani kama pana jambo lililokidhuru Kiswahili nchini Uganda kuliko upendeleo huo, kwa kuwa mtu aliyekisikia usiku barabarani kinywani mwa mwanajeshi hakukisikia tena kwa furaha. Upande wa Busia ya Kenya hali ilikuwa nyingine, na wafanyabiashara waliovuka mpaka waliendelea kukitumia kwa salamu na kwa mizaha kama walivyozoea. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili kimeandikwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa mara nyingine wakubwa wamekaa na nyaraka zao, na mwalimu wa Tororo anatafuta kitu cha kuwapa wanafunzi ambao nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kuogopa.

Sauti ya Siti mwenyewe ingali yapatikana. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa akiimba nyimbo zilizotoka kwake mpaka uzeeni. Siti Muharam, kitukuu chake, alitoa albamu mwaka 2020 yenye jina la Siti wa Unguja. Na zile sahani za mbwa, zenye mikwaruzo yake yote, zimenakiliwa katika mitambo ya leo. Pale Busia, katika vibanda vinavyojaza nyimbo kwenye kadi za simu, mteja akitaka wimbo wa Kijiti huupata, ili mradi ajue kuuliza.